Chakula cha Kifurushi

Nyuma kabisa ya hospitali, upande ambao wagonjwa hawafiki, kuna chumba kirefu chenye joto la tanuri. Humo ndimo mwanamke mmoja alimoiacha nusu ya umri wake. Kazi yake ilikuwa kunyoosha mashuka. Mashine zilifua, mashine zilikausha, lakini ile pasi kubwa ya kubingirika haikuwa na macho. Ilitaka mtu wa kushika shuka pembe mbili, kuiingizia bila mkunjo, na kuondoa vidole kabla havijafuata. Basi wakamwita Mama Pasi, na jina likamganda mpaka nyumbani. Hata mumewe alilitumia, hasa akiwa na jambo la kubembelezea.

Alikuwa mtu wa maneno machache. Si kwamba alikosa la kusema, ila jioni zilimkuta hana pumzi ya kulisemea. Akirudi kutoka kazini miguu imevimba, na kabla hajavua viatu alikuwa ameshawasha jiko. Wanawe walikuwa wakubwa, kila mmoja na kwake, mbali. Mume alikuwa dereva wa lori la masafa marefu, mtu wa kuingia leo na kuondoka kesho kutwa, akiacha nyuma nguo chafu na ahadi. Aliyebaki naye nyumbani ni baba mkwe wake, mzee aliyekuwa mbeba barua wa posta maisha yake yote. Baada ya kufiwa na mkewe aliletwa pale na sanduku moja na mto wake wa kulalia, kwa maelezo kwamba atakaa kidogo mpaka huzuni ipungue. Huzuni ya mzee haina haraka. Akakaa.

Mzee hakuwa na taabu, na hilo Mama Pasi alilishukuru kimoyomoyo kila siku. Alijifulia vitambaa vyake, alijitandikia kitanda, na chakula alichoachiwa asubuhi kwenye hotipoti, jioni kilikuwa kimekwisha na sahani imeoshwa. "Nimeshiba, mwanangu, Mungu akuzidishie," angesema. Mama Pasi angeitikia amina huku akitafuta kiti kwa mgongo.

Siku moja wezi waliruka ukuta mchana kweupe, wakaondoka na pampu ya maji na nguo zote zilizokuwa kambani, hata sare yake ya kazi. Mzee alikuwa ndani, amesinzia. Dereva alipopata habari alisema mengi kwenye simu, na safari iliyofuata aliingia na boksi la kadibodi mikononi.

"Nimeleta askari," akasema.

Ndani ya boksi mlikuwa na mtoto wa mbwa, mweusi, mwenye miguu mikubwa kuliko mwili wake, kama mtoto aliyeingia kwenye viatu vya babaye. Mzee alimtazama kwa muda. Mbwa walikuwa maadui zake wa kazi. Suruali alizochaniwa katika utumishi wake zingevalisha kwaya.

"Miaka yote hiyo nimepeleka vifurushi kwenye nyumba za watu," akasema. "Hiki ndicho cha kwanza kuletewa mimi. Kingekuwa na anwani ya kukirudisha, ningekirudisha."

Wakacheka, na mbwa akapata jina. Dereva akalala usiku mmoja, alfajiri akaliwasha lori. Kifurushi akabaki na Mama Pasi.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kila mtu alijua jinsi ya kumlisha yule mbwa, isipokuwa aliyepaswa kumlisha. Dereva alisema kwa simu, "Mpe ashibe, mke wangu. Huyo ni wa mbegu kubwa. Ukimbania sasa hatakuwa na kifua." Mwuza nyama alipokuwa akimfungia mapupu alisema mbwa hulishwa mara moja tu, jioni, basi. Mwenzake wa upande wa mashine za kukausha, waliyemwita Kasuku kwa sababu mdomo wake haukuwa na jumapili, alisema mbwa akishiba halindi, hulala kama mwenye nyumba. Alipomwuliza mzee, mzee alijibu, "Msimpe kitu. Atatafuta posta nyingine."

Mama Pasi alichukua kopo la bati lililovunjika mkono, akaamua kwamba hicho ndicho kipimo: kopo la wali uliochanganywa na mapupu asubuhi, kopo jioni. Akadhani ameshamaliza shauri hilo. Lakini mbwa anayekua hana shauri linalokwisha. Akimaliza chake alilamba kopo, akalamba sakafu palipokuwa kopo, kisha akakaa mbele ya yule mama na kumtazama usoni kwa macho ya yatima. Asipopata kitu alilia. Hakubweka, alilia kwa sauti nyembamba iliyopita chini ya mlango na kuingia moja kwa moja katikati ya kichwa.

Hapo ndipo kipimo kilipoanza kuyumba. Siku ambayo mashuka yalikuwa mengi, Mama Pasi aliongeza nusu kopo ili anyamaze. Siku ambayo msimamizi amemgombeza, aliongeza kopo zima, maana alitaka angalau kiumbe kimoja duniani kiridhike naye. Siku ambayo hakuchoka sana, kama ilikuwapo, alirudi kwenye kipimo cha mwanzo na kujiona mkatili. Kuamua kulimchosha kuliko kunyoosha. Kazini shuka lina pembe nne na hakuna mjadala. Nyumbani kila kitu kilimsubiri yeye akate shauri: chumvi, sabuni, mafuta ya taa, paa linalovuja, na sasa tumbo la mbwa.

Kifurushi akakua. Loo, alikua! Ungedhani kuna mtu anamvuta usiku. Boksi alilojia likawa mto, mto ukapasuka. Mabega yakapanuka, shingo ikanenepa, na majirani waliokuwa wakipita kwa kuegemea ukuta wakaanza kupita upande wa pili wa njia. Dereva aliporudi akapiga makofi. "Niliwaambia! Kifurushi kimekuwa gunia!"

Lakini Mama Pasi, ambaye jicho lake lilizoea kuona shuka lililopinda hata kidogo, aliona kitu. Miguu ya mbele ya mbwa ilikuwa ikienda nje, mmoja kushoto, mwingine kulia, kama ya mtu aliyebeba mzigo mzito asiyejua autue wapi. Mara akawa anainuka kwa kuguna. Mara akawa anachechemea. Ikafika siku paka wa jirani alipita mbele yake polepole, na Kifurushi akamsindikiza kwa macho tu.

"Mifupa haina nguvu," akasema Kasuku. "Njaa hiyo, shoga. Mwili mkubwa, chakula kidogo."

Maneno yale yalimchoma. Akaongeza kopo. Akaongeza maziwa. Akaongeza unga wa mifupa alioambiwa uko kwenye duka la pembejeo za mifugo. Alimlisha kama anayelipa deni, na mbwa akazidi kupinda.

Siku yake ya mapumziko ilipofika, badala ya kulala, aliazima toroli la fundi ujenzi wa jirani, akampakia mbwa juu ya gunia kuukuu na kumsukuma mpaka kwa daktari wa mifugo. Watu walisimama njiani. "Mama, unampeleka harusini?" mmoja akauliza. Akazidi kusukuma. Gurudumu lilikuwa linapiga kelele na jua lilikuwa limeshika utosi. Kifurushi peke yake ndiye aliyefurahi, ulimi nje, akitazama dunia kama diwani aliyeshinda uchaguzi.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, mwenye gauni jeupe lililonyooshwa vibaya. Mama Pasi aliliona hilo kwanza. Lakini mikono yake ilikuwa ya upole. Alimpapasa mbwa kila kiungo, akamwacha atembee, akampandisha kwenye mizani kwa msaada wa mlinzi, kisha akashika mbavu zake.

"Mama, anakula kiasi gani?"

Mama Pasi akatoa kopo mfukoni. Alikuja nalo makusudi. Akaeleza la asubuhi na la jioni, akaeleza nyongeza zote, maziwa na unga wa mifupa, bila kuficha, akisubiri kuambiwa ni kidogo.

"Ni kingi," akasema daktari.

"Kingi?"

"Kingi sana. Mbwa wa aina hii asilishwe mpaka ashibe wakati anakua. Akishiba kila siku, mwili unakimbia na mifupa inabaki nyuma. Uzito unaikuta bado laini, inapinda. Na huo unga wa mifupa uache leo, unaharibu zaidi. Lete mkono wako." Akauchukua mkono wa Mama Pasi na kuukunja ngumi, akampitishia vidole vyake vya mkono mwingine juu ya vifundo. "Unavisikia? Mbavu zake zinatakiwa zisikike hivi, bila kuonekana sana kwa macho. Sasa mshike."

Mama Pasi akamshika. Chini ya ngozi hapakuwa na kifundo. Palikuwa na godoro.

"Kopo litakudanganya, kwa sababu yeye anabadilika kila wiki na kopo halibadiliki," daktari akaendelea. "Mshike mbavu. Ukizikosa, punguza. Zikianza kuchomoza, ongeza. Chakula kidogo mara tatu kwa siku, si rundo mara moja. Na usisikilize kilio. Mbwa anayekua atalia hata ukimpa duka zima la nyama."

"Miguu itanyooka?"

"Bado mdogo, inaweza. Sitakuahidi." Akatazama tena mizani. "Ila kuna jambo, mama. Hata nikijumlisha yote uliyonieleza, mwili huu umezidi. Kuna mtu mwingine anayemlisha."

Njia nzima ya kurudi Mama Pasi alisukuma toroli akiwa na hasira isiyo na pa kuwekwa. Miezi yote amemkatia mbwa kutoka kwenye jasho lake, kumbe alikuwa anamlemaza kwa mkono wake mwenyewe. Na huyo mwingine ni nani? Akawafikiria majirani mmoja mmoja. Alipofika alimweleza mzee yote: mbavu, vifundo, na kwamba kuna mtu anarusha chakula juu ya ukuta.

"Watu hawana haya," akasema mzee, akiangalia chini.

Mama Pasi akapunguza chakula. Kifurushi akalia asubuhi, akalia jioni, na Mama Pasi akajifunika kanga kichwani na kukaza roho. Lakini kila alipozitafuta zile mbavu, vidole vyake vilizama palepale. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini nani hupekua nguo zake mwenyewe akiwa amechoka?

Boila la hospitali ndilo lililomfungulia macho. Liliharibika asubuhi moja, mvuke ukakatika, pasi ikapoa, na msimamizi akawaambia waende nyumbani. Kasuku alitaka wapitie sokoni. Mama Pasi alitaka kitanda tu. Akaingia kwake mchana, akapita sebuleni kimya kwa sababu alijua mzee husinzia saa zile, akafika mlango wa uani na kusikia sauti.

"Taratibu, bwana mkubwa. Taratibu. Hakuna anayekunyang'anya."

Mzee alikuwa ameketi kwenye kigoda, kivulini mwa ukuta. Hotipoti iko wazi pajani. Alikuwa anachota wali na mchuzi kwa kijiko na kumlisha Kifurushi mdomoni, kijiko kwa kijiko, kama mtu amlishaye mtoto mwenye homa. Kichwa kizima cha mbwa kilikuwa kimelazwa juu ya miguu yake.

"Baba!" Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyokusudia. Hakuwa amewahi kumpigia kelele baba mkwe wake. "Kumbe ni wewe! Mimi nasukuma toroli juani, nachekwa na watu, nabana chakula mpaka mbwa ananilia kama msibani, na wewe unajua! Nilikwambia, baba, ukanijibu watu hawana haya!"

Mzee akainuka haraka, kijiko kikaanguka. Alipoinuka, shati lake liliinuka baada yake, kama limetundikwa kwenye msumari. Suruali ilikuwa imekusanywa kiunoni kwa mkanda uliozunguka na kubaki ncha ndefu ikining'inia. Mama Pasi alikuwa amemwona mtu huyu asubuhi na jioni kila siku. Alikuwa amemwona amekaa, gizagiza, koti begani, akisema nimeshiba. Hakuwa amemtazama.

Hasira ikamwishia mdomoni.

"Baba," akasema, taratibu sasa. "Na wewe unakula nini?"

Mzee akaiweka hotipoti juu ya kigoda.

"Sahani zinarudi nyeupe kila siku. Unakula nini?"

"Chai," akasema mzee. "Na uji, ukiwa mwepesi."

"Tangu lini?"

"Hakishuki, mwanangu." Akagusa kifua, chini kidogo ya koo. "Kinafika hapa, kinakaa. Nikilazimisha, kinarudi. Mwanzo ilikuwa nyama, halafu mkate, sasa hata wali." Akainama kuokota kijiko, akashindwa, akakiacha. "Nilikuwa nakimwaga. Kikaniuma roho, chakula umekipika kabla ya jua kuchomoza. Huyu akaja akanitazama. Nikasema, basi angalau kisipotee."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikwambie lini?" Hakuuliza kwa lawama. "Nakuona unavyoingia. Unashika ukuta. Mtu anayeshika ukuta, unamwongezea mzigo?"

Mama Pasi akakaa chini, palepale kwenye kizingiti, na miguu yake ya kuvimba mbele yake. Alitaka kulia na hata kulia kulikuwa kazi. Alikumbuka vidole vyake vikipekua mbavu za mbwa asubuhi na jioni, kwa bidii, huku mbavu zinazohesabika kwa macho ziko chumba cha pili, zinamwombea dua. Kifurushi alisogea, akachungulia hotipoti iliyobaki juu ya kigoda, na kwa kuwa hakuna aliyemzuia, akaimaliza.

Kesho yake hakuingia chumba cha mashuka. Alivaa nguo za kutokea, akamshika mzee mkono, jambo ambalo kwa adabu hakuwa amewahi kulifanya, wakaingia hospitali kwa mlango wa mbele. Walisubiri kwenye benchi na wengine. Muuguzi aliyemzoea kwa sare alimpita mara mbili bila kumtambua. Wakampiga mzee picha, wakampitishia kamera kooni, na siku zile za kungoja jibu Mama Pasi alirudi kunyoosha mashuka bila kujua ameyanyoosha. Kila mtu alikuwa anafikiria ugonjwa uleule na hakuna aliyeutaja.

Haukuwa huo, haikuwa saratani. Mrija wa chakula ulikuwa umebanwa na kovu, akasema daktari, kwa sababu ya tindikali iliyokuwa ikipanda kutoka tumboni kwa miaka mingi. Wangeupanua kidogo kidogo. Mzee angerudi tena na tena, na huenda hali hiyo isiishe kabisa. Ale vilaini, kidogo kidogo, mara nyingi.

"Kama mbwa," akasema mzee walipotoka nje.

"Baba, usinichekeshe, sina nguvu," akasema Mama Pasi. Lakini alicheka, akashika nguzo.

Kwa hiyo zikawa sufuria mbili: moja ya mtu wa kuongezewa, moja ya mbwa wa kupunguziwa. Aliamka mapema zaidi kuponda na kuchuja. Mzee aliapa kwamba hatampa Kifurushi hata punje, na akavunja kiapo mara mbili, akakiri mwenyewe. Wakati mwingine uji ulikataa kushuka, wakarudi hospitali kabla ya siku yao. Mbwa alilia. Mzee alikohoa. Mama Pasi alisimama katikati na mwiko mkononi, akihisi kwamba akiulizwa swali moja zaidi, hata jina lake, ataanguka.

Dereva alipiga simu kutoka njiani. Alisikiliza yote, akashusha pumzi, akasema, "Sasa hapo, mke wangu, cha kufanya ni kumuuza huyo mbwa upunguze kazi. Na pesa ya dawa nitatuma."

"Mbwa hauzwi," akasema Mama Pasi. "Baba anatembea naye asubuhi mpaka kwenye kona na kurudi. Daktari wake amesema atembee, daktari wa mbwa amesema atembee. Wanakwenda pole, wote wawili wabovu. Ukimwuza, baba atakaa ndani."

"Basi sema unataka nini."

Akafikiri. Ilikuwa zamani sana tangu aulizwe.

"Sitaki utume kitu," akasema. "Nataka mtu. Wewe. Huyu ni baba yako, na huyu mbwa ni wako, uliwaleta kwenye boksi na sanduku ukaondoka. Mimi sio pasi. Hata pasi boila likifa inazimwa."

Upande wa pili muungurumo wa lori ulizimwa. "Nimekusikia," sauti ikasema hatimaye, ndogo, isiyo na mzaha.

Hakuja wiki hiyo, wala iliyofuata. Wenye malori hawaachii dereva kwa urahisi. Lakini alikuja, na alikuwa ameomba safari fupi za kwenda na kurudi, malipo pungufu. Alirudi uso umemshuka, akamkuta babaye ameongezeka kidogo mashavuni, na mbwa amepungua, mguu mmoja umenyooka na mwingine bado unaangalia nje, na utabaki hivyo. Mama Pasi alimshika mumewe mkono, akaukunja ngumi, akampitishia vidole kwenye vifundo, kisha akaupeleka ubavuni mwa Kifurushi. Alifanya hivyo bila maelezo mengi. Halafu akamwonyesha chujio la mzee na jinsi ya kulishika.

Dereva alikuwa mzito wa kujifunza. Aliunguza uji. Aliuliza kila kitu mara tatu. Siku ya mapumziko ya mkewe ilikuwa pia siku ya mzee kupanuliwa koo, na Mama Pasi aliamka alfajiri kama kawaida, akakuta taa ya jikoni inawaka na mumewe anagombana na sufuria.

"Rudi ukalale," akasema dereva bila kugeuka.

Alirudi. Alisikia mlango, sauti ya mzee ikiuliza koti, geti likifungwa, kisha kimya. Hakuna aliyemwita. Alipofumbua macho tena, jua lilikuwa limeshavuka dirisha na kufika ukuta wa pili, mahali ambapo hakuwahi kuliona akiwa kitandani. Akalala akilitazama, mikono juu ya shuka, hajui aifanyie nini. Kisha akageukia ukutani, akalala tena.